Vyeti Vilivyokwisha Jumatano

Bodi yetu inapenda kukata utepe. Nalisema hilo kwanza ili mjue nimemkasirikia nani, ingawa mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona hasira yenyewe nimeigawa vibaya. Kwetu choo cha zahanati hakiwi choo mpaka mgeni rasmi aje, akate utepe, ale pilau, apigwe picha ameshika kitasa. Watu wanaweza kukitumia miezi mitatu kwa kujiiba, lakini ukiuliza choo hiki kina umri gani, watakuhesabia tangu siku ya pilau.

Naitwa Asnath. Babu yangu aliletwa Mazinde akiwa manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukagoma, na mama yangu bado anaishi huko huko karibu na shamba. Mimi nilisoma kompyuta kwa kuungaunga, nikapata kazi kwenye shirika la zahanati lenye ofisi zake Korogwe mjini. Tuna zahanati sita na vituo viwili vyenye chumba cha upasuaji, kimoja kiko Misima, upande wa Handeni. Kazi niliyoifanya pale kwa moyo wangu wote ni moja tu, daftari la damu.

Mnajua mila yetu. Mtu anamtolea damu ndugu yake. Mgonjwa akiishiwa, ukoo unaitwa, wanapangwa kwenye benchi, wanapimwa mmoja mmoja, na huku mgonjwa anakwenda. Nikasema jamani, hapana. Miaka minne nilizunguka, mara peke yangu, mara na Edna, muuguzi wa Misima. Tulikwenda misikitini Ijumaa, makanisani Jumapili, minadani, kwenye kambi za mkonge. Tunapima kundi la damu, tunaandika jina, kijiji na namba ya simu. Tulifika watu elfu moja mia moja na kitu. Kisha nikatengeneza programu. Muuguzi anabonyeza damu anayoitaka kwenye simu ya kituo, na wenye damu hiyo walio karibu wanapata ujumbe papo hapo waje. Mwaka wa kwanza walipona kina mama saba, na nawajua wote kwa majina.

Programu ile niliiweka kwenye wingu. Maana yake tulikodi nafasi kwenye mashine za kampuni kubwa huko nje, zinakolindwa na watu wanaopokezana zamu. Sisi hapa fundi nilikuwa mimi peke yangu. Ningelinda mashine saa ngapi, na ningelala saa ngapi?

Siku moja intaneti ya kwenda nje ikapotea kutwa nzima, na daftari likapotea nayo. Hakufa mtu. Lakini mwenyekiti wa bodi, Mzee Kasmiri, alilishika jambo lile kama fisi na mfupa. Akagonga meza kikaoni. "Haiwezekani! Mkonge wetu ulikwenda Ulaya miaka nenda rudi, ukaturudia kamba tukauziwa. Leo hata damu yetu ikalale kwa Wazungu? Tujenge la kwetu!" Wajumbe wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kwa sababu maneno yalikuwa matamu na babu yangu nilimwona mle ndani.

Basi akaajiriwa Muhsin, mzaliwa wa Kwamndolwa, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni moja Dar es Salaam. Mtu mpole, msomi, suruali imenyooka pasi. Alikuja na mpango wake. Tununue seva tatu, tuziweke kwenye chumba cha shirika pale Kwamndolwa kilichokuwa ghala la mbegu, juu yake ajenge jukwaa la makontena. Akawaeleza wazee vizuri tu. Kontena ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, kama mama anavyomfungia msafiri chakula na chumvi yake humo humo. Jukwaa ndilo linaloamua kontena lipi likae seva ipi, na seva moja ikifa, linaliamsha kontena kwenye nyingine kabla mtu hajajua. Yote hapa hapa Korogwe. Intaneti ya nje ikikatika, shauri yake.

Nikasimama. Nikasema, wazee wangu, jukwaa ni zuri, lakini jukwaa ni kama ng'ombe wa maziwa, linataka mtu kila siku. Muhsin ni mmoja. Akiugua? Akisahau kitu kimoja? Kule kwenye wingu wako mia, hapa tutakuwa na mmoja na nusu.

Muhsin akatabasamu. "Dada Asnath, wewe ni mtu wa programu. Mambo ya jukwaa niachie mimi."

"Kila mtu na jembe lake, mama," akadakia Mzee Kasmiri, na meza nzima ikaangua kicheko.

Nikakaa. Kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani, nikalala nacho, nikaamka nacho, na sikukitua mwaka mzima. Watu husema mimi ni mwepesi wa hasira. Si kweli, hasira yangu ni nzito, inakawia kuja na inakawia kuondoka.

Niseme haki, jukwaa lilifanya kazi. Intaneti ya nje ilikatika tena mara mbili, na daftari halikutikisika. Edna akanipigia kunisifia, nami nikamwambia msifie Muhsin. Naye Muhsin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akinunua chapati mbili, moja yake, moja yangu, na hakuwahi kuniita jina bila dada mbele yake. Pengine angekuwa mjeuri ningemwambia mapema, tukagombana, yakaisha. Lakini alikuwa mwema, na kila wema wake mimi niliona ni wa mtu aliyeshinda.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe. Kwenye jukwaa kama lile mashine haziaminiani hivi hivi. Kila moja hubeba cheti cha kujitambulisha kwa wenzake, na cheti hicho umri wake ni mwaka mmoja. Kikiisha, mashine zinazotembea huendelea kutembea. Lakini zikizimika zikawashwa upya, zinakataana kama watu wasiojuana, na programu haiamki. Dawa yake ni kuvifanya upya kabla ya siku, na kwa mtu aliyejiandaa ni kazi ndogo tu.

Muhsin alijua hilo. Kwenye kalenda ya ukutani, kwenye karatasi ya mwezi wa Mei, aliandika kwa kalamu nyekundu: VYETI. Aliandika Mei kwa sababu kibao cha shaba mlangoni kinasema jukwaa lilizinduliwa tarehe kumi na nne Juni, na siku hiyo tulikula pilau na mgeni rasmi akabonyeza kitufe ambacho hakikuwa kimeunganishwa na kitu. Lakini seva zenyewe Muhsin aliziwasha Februari, tarehe tano. Zilifanya kazi miezi minne zikimngoja mgeni rasmi apate nafasi. Vyeti vilizaliwa Februari, si Juni. Msomi mzima, naye akahesabu tangu siku ya pilau!

Mimi sikuhesabu hivyo, kwa sababu siku ile ya Februari umeme ulikuwa ukisumbua na mimi ndiye niliyemshikia tochi akiunganisha nyaya.

Kosa hilo niliigundua katikati ya Januari. Niliingia mle chumbani kuchukua waya, nikafunua kalenda kutafuta sikukuu, macho yakaangukia kwenye Mei na ile kalamu nyekundu. Nikahesabu kwa vidole. Muhsin alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, anakula chapati. Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua, na mimi ni Mkristo. Kisha nikakisikia kile kicheko cha kikaoni, nikaufunga. Mambo ya jukwaa niachie mimi. Haya baba, nimekuachia.

Msinitazame hivyo. Sikutaka mtu afe. Nilitaka jukwaa lilale siku moja, mbili, wazee wahangaike, halafu nije na wingu langu mkononi, nimenyooka, nimenyamaza. Nilikuwa hata nimeiandika barua ya mapendekezo, ipo kwenye kompyuta yangu, imebaki tarehe tu. La kuvunda halina ubani, nilikuwa nikijiambia, na huku ubani wenyewe niliukalia mimi.

Tarehe tano Februari ikafika, Jumatano. Hakuna kitu. Daftari likaendelea kutembea kwa vyeti vilivyokufa na hakuna aliyejua ila mimi. Alhamisi, kimya. Ijumaa, kimya. Jumamosi nikaenda Mazinde kumwona mama.

Saa nne asubuhi umeme ukakatika Korogwe. Betri za mle chumbani zikabeba mpaka saa sita, zikachoka. Saa saba umeme ukarudi, seva zikawaka. Saa saba na robo simu yangu ikaita. Tulikuwa uani na mama tunachambua maharage.

"Dada Asnath, samahani, najua ni siku ya mapumziko," Muhsin akasema. "Seva zimewaka zote, lakini jukwaa haliamki. Zinakataana. Umewahi kuona kitu kama hiki?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi si mtu wa programu tu, mdogo wangu?"

"Dada, jamani, bado unalo lile?"

"Lipi? Tafuta, bingwa. Ukitafuta utaona." Nikakata simu.

Mama akaniangalia. "Nani huyo unamjibu hivyo?"

"Mtu wa kazini."

"Ndivyo mnavyojibiana huko?"

Nikacheka, nikarudi kwenye ungo. Niliona raha. Nitawadanganya mengine lakini hilo sitawadanganya, niliona raha mpaka kwenye vidole. Muhsin akapiga tena mara mbili na sikupokea. Nikamwacha ahenye.

Saa nane na nusu akapiga Edna. Hakusalimia.

"Da Asnath, daftari halifunguki!"

"Kuna nini?"

"Nina mzazi hapa, Yusra, wa hapa hapa Misima. Kajifungua saa saba, mtoto mzima, lakini damu haikomi. Ni O hasi. Mimba ya mwaka juzi iliharibika, tangu hapo mwili wake unapigana na damu chanya, nikimwekea namuua. Mumewe nimempima, ndugu zake wote waliopo hapa nimewapima, hakuna. Chupa imepatikana Tanga, gari ndiyo kwanza linatoka. Nimebonyeza ombi tangu saa nane kasoro, linazunguka tu kwenye simu! Dada, fanya kitu!"

Nilisimama, ungo ukamwagika. Mama alikuwa akiniuliza nini, nini. Nikampigia Muhsin.

"Vyeti," nikasema. "Vimekwisha Jumatano."

"Haiwezekani, vyeti ni mpaka Ju..."

"Muhsin! Uliziwasha Februari! Nilikushikia tochi! Kuna mzazi Misima anakufa, fanya upya hivyo vyeti!"

Nikasikia kiti kikianguka. "Ya Rabi," akasema. "Nipe nusu saa."

Alitumia dakika arobaini. Aliniambia baadaye kwamba akikosea amri moja alikuwa anarudia tatu. Jukwaa liliamka saa tisa na dakika kumi na mbili. Saa tisa na dakika ishirini Yusra akakata roho. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Hesabu naijua, msinifanyie. Saa saba na robo ningesema neno moja, neno lile lile, na saa nane kasoro, wakati Edna anabonyeza, daftari lingekuwa limesimama linamngoja. Nilikuwa na neno hilo mdomoni nikachambua maharage.

Yusra alizikwa Jumapili. Jumatatu bodi ikakaa. Mzee Kasmiri alikuwa hatazamiki. Akamgeukia Muhsin, akamwambia maneno ambayo sitayarudia, maana mengine yalimgusa mama yake. Muhsin akayapokea yote amesimama. Hakumtaja mgeni rasmi aliyechelewa, hakutaja umeme.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilihesabu mwaka tangu uzinduzi. Lakini naomba mwandike jambo moja kwenye muhtasari. Aliyegundua tatizo ni dada Asnath, kwa simu tu, akiwa Mazinde, bila kuona mashine. Alituonya tangu mwanzo tukamcheka. Angekuwa yeye msimamizi, yule mama angekuwa hai."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi, dakika nzima, watu wanane wananitazama. Nikaiangalia chupa ya maji iliyokuwa mbele yangu, nikasoma maandishi yake yote.

"Mama Asnath," Mzee Kasmiri akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima anayejishusha, "tulikukosea. Mkataa pema, pabaya panamwita. Daftari lirudi kwenye wingu wiki hii, na kuanzia leo mkuu wa mitambo ni wewe." Wajumbe wakatikisa vichwa kwa heshima. Muhsin akapewa barua yake kabla ya chai.

Nje alinisubiri, ana begi lake na kikombe chake cha chai. "Dada, asante kwa ile simu. Bila wewe ningekesha pale." Kisha akaniuliza, wala si kwa kunitega, aliuliza kama mwanafunzi, "Ulijuaje haraka vile?"

"Uzoefu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaniaga, akanipa mkono. Nikaupokea, ndiyo, niliupokea.

Jumanne ilikuwa hitima. Bodi ikanituma Misima kuwakilisha shirika, nikapakia mchele na sukari kwenye gari la ofisi. Nikakaa mkekani na kina mama. Mtoto wa Yusra alikuwa kwenye mapaja ya bibi yake, ananyonya chupa, wa kike. Bibi akanishukuru kwa kuja kutoka mbali kote huko. Akasema Edna amewaeleza kwamba nilihangaika sana kwa simu siku ile. Nilitamani ardhi inimeze na haikunimeza, wakaniletea chai.

Dua ilipokwisha nikainuka niondoke. Mwanamume mmoja akanifuata mpaka kwenye gari, mtu wa miaka arobaini na kitu, kanzu yake fupi imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba.

"Dada, hujambo. Hunikumbuki," akasema. "Mwinjuma. Ulinipima wewe mwenyewe pale mnadani, mwaka jana baada ya mavuno. Ukaniambia, kaka, damu yako ni ya shida kupatikana, usiihame Misima."

Nikamwangalia. Sikumkumbuka.

"Mimi ni O hasi," akasema.

Akatoa kisimu kidogo cha vitufe mfukoni, akabonyeza, akanionyesha. Ulikuwa ujumbe wangu, maneno niliyoyaandika mwenyewe: Ndugu, damu yako inahitajika sasa hivi Kituo cha Misima. Saa tisa na dakika kumi na mbili. Ombi la Edna lililokuwa limekwama lilikwenda lenyewe mara jukwaa lilipoamka.

"Nilikuwa bondeni nafyeka shamba," Mwinjuma akasema. "Simu ilipolia nikatupa panga nikakimbia. Kutoka kule mpaka kituoni sidhani kama nilitumia dakika kumi. Nikaingia nikakuta wanamfunika. Nikarudi zangu, sikusema na mtu. Kwetu damu yako ikiwa si ya kawaida huitangazi, watu watasema unaumwa. Kwa hiyo hapa hakuna anayejua." Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala tangu Jumamosi. "Sasa nasikia watu wanasema muuguzi aliomba tangu saa nane kasoro. Wewe ndiye mwenye mashine, ndiyo maana nakuuliza. Ujumbe ulitumwa saa ile, simu yangu ndiyo iliyochelewa? Maana bondeni mtandao unakuja na kuondoka. Na siku ile ningeweza kuanza na shamba la juu. Nilisimama njia panda nikafikiria kabisa, leo juu au chini? Nikaenda chini. Mumewe tumekua pamoja, dada. Sijui nimwambieje."

Dereva alikuwa amewasha gari. Ningesema. Hapakuwa na kicheko hapo, wala bodi, wala Muhsin, palikuwa na mtu mmoja aliyekimbia na mtu mmoja aliyechambua maharage.

"Huenda ni mtandao, kaka," nikasema. "Bondeni kule haushiki vizuri."

Akainamisha kichwa. "Nilijua," akasema, na akarudia polepole, "nilijua."

Kisha akaniomba niandike na namba ya mkewe, ili siku nyingine wakimkosa yeye wampate mke. Akaniambia lile shamba la bondeni, ndilo lenye maji, ameliacha na hatalima kule tena. Nikatoa kalamu nikaandika namba, nikamsomea mara mbili ahakikishe, naye akasema ndiyo, ni hiyo hiyo.